Mitukutiko ya Kiutendaji: Utambuzi na Uangalizi wa Mgonjwa katika Mwambao wa Ziwa Viktoria, Mwanza

1.0 Utangulizi

Msichana wa kidato cha pili anayeletwa katika zahanati ya kisiwani huku mikono na miguu ikitukutika, macho yamefumbwa na watu wanane wamemshikilia, humweka mhudumu wa afya katika njia panda. Akimhesabu kuwa ana kifafa, atamchoma sindano ya diazepamu, na pengine ataanza safari ya miaka ya vidonge vya fenobabitoni. Akimhesabu kuwa anajifanya, atamrudisha nyumbani na jina baya. Ipo hali ya tatu, ambayo si kifafa wala si maigizo. Hali hiyo ndiyo inayofafanuliwa katika makala haya kwa jina la mitukutiko ya kiutendaji.

Mitukutiko ya kiutendaji ni matukio ya ghafla ya kupoteza udhibiti wa mwili, na mara nyingi fahamu pia, yanayofanana kwa sura na kifafa lakini yasiyotokana na mlipuko wa umeme usio wa kawaida katika ubongo. Ubongo haujajeruhiwa, bali utendaji wake ndio unaovurugika kwa muda. Mgonjwa hauanzishi mtukutiko kwa hiari yake, na kwa kawaida hawezi kuuzuia kwa kuamua tu. Jambo hili linahitaji kusemwa mapema, kwa kuwa makosa mengi ya uangalizi huanzia katika imani kwamba kisichoonekana katika kipimo ni uongo.

Makala yanajikita katika mkoa wa Mwanza na mwambao wa ziwa unaouzunguka, ambako mgonjwa hupita katika ngazi zinazojulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure, na hatimaye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kwa mkazi wa Ukerewe au Kome, baina ya ngazi moja na nyingine kuna maji. Umbali huo unabadilisha maana ya neno "rufaa", na kwa hiyo unabadilisha pia kile kinachoweza kudaiwa kwa mhudumu wa ngazi ya chini.

2.0 Suala la jina

Katika Kiswahili cha kila siku, maneno matatu hushindania hali hii. La kwanza ni kifafa. Umbo lake linakumbusha kitenzi kufa, na uzito wake katika jamii ni mkubwa. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alieleza jinsi wagonjwa walivyotengwa kwa hofu kwamba mate yao yangeambukiza, hata aliyeanguka motoni akakosa wa kumwokoa. Kumwita mtu mwenye kifafa si kumpa jina la ugonjwa tu. Ni kugusa ndoa yake, masomo yake na nafasi yake ya kuruhusiwa kupanda mtumbwi.

Neno la pili ni degedege. Hili limezoeleka kwa watoto wadogo wenye homa, nalo hubeba imani ya kale ya mdudu au ndege wa usiku anayempitia mtoto. Kulitumia kwa mtu mzima kunaleta mkanganyiko, ingawa baadhi ya wahudumu hulitumia. La tatu ni usemi wala si neno moja: "anaanguka". Usemi huu una faida ya kutotaja chanzo, na ndio ambao ndugu wa mgonjwa huutumia kwanza wanapofika mapokezi. Pembeni mwa maneno haya wapo majini, mapepo na mizimu, ambayo ni majina ya chanzo wala si ya tukio.

Katika lugha za kitabibu za Ulaya historia ya jina ni ndefu na haina fahari. Karne ya 19, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Jean-Martin Charcot alizungumzia mchanganyiko wa histeria na kifafa. Baadaye likaja jina lenye maana ya "kifafa bandia", kisha majina yaliyoeleza hali hii kwa kile ambacho sicho, yaani matukio yasiyo ya kifafa. Toleo la tano la mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, lililotoka mwaka 2013, liliondoa sharti la kuthibitisha kwanza kwamba kuna msongo wa kisaikolojia uliotangulia. Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, linaiweka hali hii miongoni mwa matatizo ya mtengano yenye dalili za mfumo wa fahamu.

Makala haya yanapendekeza mitukutiko ya kiutendaji kwa sababu kitenzi tukutika hueleza kinachoonekana kwa macho bila kuhukumu chanzo, na kivumishi kiutendaji hueleza kilichovurugika. Tafsiri ya "kifafa bandia", ambayo ni rahisi zaidi kukumbukwa, inafaa kuepukwa kabisa. Bandia ni kitu cha kughushi, kama noti, na mgonjwa anayesikia neno hilo kutoka kwa daktari hahitaji kuelezwa zaidi anachodhaniwa kuwa.

3.0 Kashasha, 1962

Mwambao wa Ziwa Viktoria una nafasi ya pekee katika maandiko ya dunia kuhusu matatizo ya kiutendaji, japo watu wengi hukijua kisa chenyewe kama kichekesho. Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni ya Kashasha, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba mkoani Kagera, walianza kucheka na kulia bila kujizuia. Kufikia tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na shule ikafungwa. Ilipofunguliwa tena mwezi Mei, wengine 57 wakapatwa.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichapisha taarifa ya tukio hilo mwaka 1963. Walieleza vipindi vya kucheka, kulia na kutotulia vilivyodumu kwa saa kadhaa na kwa baadhi ya wagonjwa hadi siku 16, vikiwa na mapumziko katikati. Walichunguza damu na maji ya uti wa mgongo, wakatafuta sumu katika chakula, hawakupata kitu. Hakuna aliyekufa. Walimu hawakupatwa. Wenyeji waliita hali hiyo enwara yokusheka, yaani ugonjwa wa kucheka. Mwaka 2007 mtafiti Christian Hempelmann alirejea ushahidi huo na kusisitiza kwamba kicheko hakikuwa cha furaha, bali kilikuwa dalili mojawapo ya mfadhaiko wa kundi.

Kashasha haikuwa mlipuko wa mitukutiko ya kiutendaji kwa maana finyu ya neno hilo. Ni ndugu yake wa karibu: miili iliyopoteza udhibiti bila kidonda wala sumu. Umuhimu wake kwa mada hii uko katika kilichofuata baada ya shule kufungwa. Wasichana walirudishwa makwao, na siku chache baadaye hali hiyo ikazuka Nshamba, kijijini kwa baadhi yao, ambako watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Hatua iliyochukuliwa kwa nia njema iliambatana na kuenea. Mkuu wa shule anayepiga simu leo kutoka Sengerema au Magu akiwa na wasichana kumi waliolala sakafuni anauliza swali lilelile la mwaka 1962. Jibu linaloungwa mkono zaidi ni kuwatenganisha waliopatwa na watazamaji kwa utulivu, kuwachunguza mmoja mmoja, na kuyaendeleza masomo ya waliobaki bila kelele za magari ya wagonjwa wala mikutano ya hadhara.

4.0 Utambuzi

4.1 Kabla ya yote

Mhudumu wa mwambaoni haanzi na swali la kiutendaji. Mtu anayetukutika katika ukanda wenye malaria hupimwa malaria na sukari ya damu. Mwanamke mjamzito aliyevuka wiki ya 20, au aliyejifungua karibuni, hupimwa shinikizo la damu na mkojo, kwa kuwa kifafa cha mimba huua na dawa yake, magnesiamu salfeti, haingoji. Homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, ulevi na kuacha pombe ghafla, pamoja na mabuu ya tegu katika ubongo, yote yana nafasi katika orodha. Kuzimia kwa sababu ya moyo kusisahauliwe: mtu aliyezimia huweza kutukutika kwa sekunde chache, na ndugu watasimulia mitukutiko hiyo pekee.

Hata hivyo, mitukutiko ya kiutendaji haitambuliwi kwa kukosekana kwa mengine tu. Ina dalili zake zenyewe, na mtazamo wa sasa wa kitabibu unasisitiza kuzitafuta.

4.2 Kinachoonekana

Dalili yenye manufaa makubwa kwa mhudumu asiye na mashine ni macho. Katika mtukutiko wa kifafa macho kwa kawaida huwa wazi. Katika wa kiutendaji mara nyingi hufumbwa, na huenda mgonjwa akakaza kope mtu anapojaribu kuyafungua. Ya pili ni mwendo wa tukio. Kifafa cha mwili mzima huanza kwa mkakamao, kikafuatwa na mitukutiko inayopungua kasi hadi kukoma, kwa kawaida ndani ya dakika mbili hivi. Mtukutiko wa kiutendaji hupanda na kushuka, husimama na kuanza tena, na huweza kuendelea kwa dakika nyingi. Kichwa kugeuka upande huu na ule, viungo kutukutika bila kufuatana, kulia wakati wa tukio, na kukumbuka baadaye yaliyosemwa pembeni, vyote huelekeza upande wa kiutendaji. Pumzi nzito ya mkoromo baada ya tukio na ulimi uliong'atwa ubavuni huelekeza upande wa kifafa.

Dalili nyingine zimepewa uzito zisizoustahili. Kujikojolea hakutofautishi vizuri. Kuumia pia hakutofautishi: wagonjwa wa kiutendaji huanguka, huchubuka na huvunjika mifupa. Kumchoma mgonjwa pini au kumtonesha mkono wake usoni ili "kumkamata" ni desturi isiyo na thamani ya kitabibu na ni udhalilishaji.

Tahadhari iliyo kinyume ni muhimu vilevile. Kifafa kinachoanzia sehemu ya mbele ya ubongo huweza kuonekana cha ajabu: mgonjwa hupiga miguu, hupiga kelele, na anaweza asipoteze fahamu yote. Kinachokifichua ni kwamba hutokea zaidi usingizini, ni kifupi, na hujirudia kwa sura ileile kila mara. Aidha, mapitio ya tafiti yameonyesha kwamba takribani mtu 1 kati ya 5 wenye mitukutiko ya kiutendaji ana kifafa pia. Kwa hiyo swali si mara zote "ni kipi?", bali "ni tukio lipi kati ya haya?"

4.3 Kipimo cha umeme wa ubongo na ngazi za uhakika

Kipimo kinachotoa uhakika wa juu ni kurekodi umeme wa ubongo pamoja na picha ya video wakati tukio lenyewe linatokea. Kipimo cha kawaida cha nusu saa kati ya tukio na tukio ni kitu kingine. Wagonjwa wengi wa kifafa hupata majibu ya kawaida katika kipimo chao cha kwanza, na watu wasio na kifafa huweza kuonyesha mabadiliko madogo ambayo msomaji asiye na uzoefu huyaita kifafa. Karatasi iliyosomwa vibaya namna hiyo hufuatana na mgonjwa katika faili kwa miaka. Huko Ujerumani, utafiti wa mwaka 2002 ulikuta wastani wa miaka saba na zaidi kati ya tukio la kwanza na utambuzi sahihi.

Mwaka 2013 jopo la Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa lilipendekeza ngazi nne za uhakika: yumkini, kuelekea uhakika, kuthibitishwa kitabibu, na kuthibitishwa kwa kumbukumbu ya video na umeme wa ubongo. Mpango huo ulikusudiwa kusaidia nchi zenye vifaa vichache, na ni wa manufaa, kwani unamwezesha daktari kuandika anachokijua kwa kiwango anachokijua. Lakini hata ngazi yake ya chini kabisa inataka kipimo cha umeme wa ubongo kisichoonyesha dalili za kifafa. Kwa kipimo hicho, tabibu wa zahanati ya Ukara hayumo hata katika ngazi ya kwanza. Anachoweza kuandika kwa uaminifu ni "inashukiwa", pamoja na maelezo kamili ya alichokiona. Maelezo hayo yana thamani kuliko neno "kifafa" lililoandikwa kwa haraka, maana bingwa wa Bugando huenda asilione tukio lenyewe.

4.4 Simu ya mkononi

Hapa ndipo simu inapokuwa kifaa cha tiba. Utafiti ulioongozwa na William Tatum nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba mabingwa wanaotazama video zilizorekodiwa na ndugu kwa simu huweza kutofautisha aina za matukio kwa usahihi mkubwa, hasa video ikiunganishwa na historia ya mgonjwa. Familia iambiwe irekodi tangu mwanzo, ionyeshe uso na mwili mzima, isiyazuie mikono, na iendelee kurekodi hadi mgonjwa anapozinduka.

Hatari yake iko wazi. Video ya msichana aliyeanguka, nguo zikiwa zimefunuka, huweza kufika katika makundi ya WhatsApp kabla haijamfikia daktari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo, ulinzi wa kweli unaanza na mhudumu anayeomba idhini, anayemwelekeza ndugu mmoja tu kurekodi, na asiyepeleka video kwa wenzake kama burudani. Shuleni, kazi hiyo apewe matroni.

5.0 Uangalizi

5.1 Wakati wa tukio

Mgonjwa alazwe pasipo na hatari, watazamaji waondolewe, asishikiliwe kwa nguvu wala kutiwa kijiko mdomoni. Mtu mmoja aongee naye kwa sauti ya chini, kwa kuwa huenda anasikia. Muda upimwe kwa saa, maana hofu huirefusha dakika.

Tatizo gumu ni la dakika ya tano. Miongozo ya dharura huhesabu mtukutiko unaozidi dakika tano kuwa hali ya hatari inayohitaji dawa mara moja, na hivyo ndivyo inavyopasa kwa kifafa. Lakini mitukutiko ya kiutendaji huvuka dakika tano kwa urahisi. Katika jaribio kubwa la dawa za dharura lililofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2019, takribani mshiriki 1 kati ya 10 alikuja kutambuliwa kuwa hakuwa na kifafa bali hali ya namna hii. Ikiwa hilo hutokea katika hospitali zenye kila kifaa, halishangazi katika chumba chenye taa moja ya sola. Penye shaka, dozi ya kwanza ya diazepamu ni halali. Mtu asiache kutibu kifafa kwa kuogopa kukosea. Kinachoua ni dozi ya tatu na ya nne kwa mtu ambaye dawa haina cha kuzuia ndani yake, hadi pumzi inapozimika mahali ambapo hakuna mashine ya kupumulia. Mitukutiko isiyoitikia dawa iwe sababu ya kutazama upya macho na mwendo wa tukio kabla ya kujaza bomba jingine.

5.2 Kueleza utambuzi

Tiba huanza na maelezo, na kwa baadhi ya wagonjwa maelezo mazuri peke yake hupunguza matukio. Maelezo hayo yana sehemu tatu zisizokwepeka: kwamba matukio ni ya kweli, kwamba yana jina na yanatokea kwa wengine, na kwamba si kifafa, kwa hiyo dawa ya kifafa haitayazuia. Wakazi wa mwambao wanaelewa kwa haraka mfano wa mtumbwi: mbao ni nzima na makasia ni mazima, ila wapigaji wamepoteza mdundo, kila mmoja anavuta kwa wakati wake. Kazi si kuziba tundu, kwa kuwa tundu halipo. Kazi ni kuurudisha mdundo.

Swali la msongo huulizwa kwa upole na kwa faragha, bila mama mkwe wala mwalimu pembeni. Wagonjwa walio wengi, takribani robo tatu katika kliniki za nchi mbalimbali, ni wanawake, na baadhi yao wamepitia ukatili. Wapo pia wasio na kisa chochote cha namna hiyo, na si haki kuwalazimisha wakitafute. Katika nchi ya maafa ya MV Bukoba ya mwaka 1996 na MV Nyerere ya mwaka 2018, msiba wa ziwani unastahili kuulizwa kama unavyoulizwa ugonjwa wa kurithi.

Familia nyingi za Kisukuma zitakuwa zimekwisha kumwona nfumu au kuhudhuria maombi kabla ya kufika hospitalini, na nyingine zitaendelea kufanya hivyo. Kukebehi huvunja mazungumzo. Mhudumu aulize ni dawa gani ya mitishamba imenywewa na kama mgonjwa amefungwa, amechapwa au amenyimwa chakula. Hayo ndiyo yanayohitaji kuzuiwa. Tambiko linalomtuliza mgonjwa bila kumdhuru halina sababu ya kuwa ugomvi.

5.3 Tiba ya mazungumzo na kuacha dawa

Ushahidi wa tiba ni wa wastani, na inafaa usipambwe. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2020, lenye washiriki 368, lililinganisha tiba ya fikra na tabia pamoja na huduma ya kawaida, dhidi ya huduma ya kawaida peke yake. Baada ya miezi 12 idadi ya matukio kwa mwezi haikutofautiana kwa kiwango cha kuaminika kitakwimu; vipimo kadhaa vingine, kama vile usumbufu wa maisha ya kila siku na hali ya mgonjwa kwa jumla, viliboreka zaidi kwa waliopata tiba hiyo. Kwa Mwanza, somo si kwamba tiba haifai, bali ni kwamba huduma ya kawaida iliyofanywa vizuri, yenye maelezo, ufuatiliaji na daktari asiyebadilika kila mara, nayo ni tiba. Sehemu ya kazi hiyo inaweza kufanywa na muuguzi wa afya ya akili: kumfundisha mgonjwa kutambua dalili za awali, kupumua polepole, kugusa kitu cha baridi na kukitaja. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka mwaka 2010 na kuboreshwa mwaka 2016, ulikusudiwa wahudumu wa namna hiyo.

Dawa ya kifafa isiyo na kazi huondolewa, lakini fenobabitoni haiachwi siku moja. Kuikatisha ghafla huweza kuzusha kifafa cha kweli kwa mtu ambaye hakuwa nacho, na hapo familia itasema, kwa haki kabisa, kwamba hospitali ilikosea. Dozi hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki nyingi, mgonjwa akiwa na tarehe ya kurudi. Mwenye kifafa pamoja na mitukutiko ya kiutendaji hubaki na dawa yake, na ndugu hufundishwa kuyatofautisha matukio mawili. Katika kipindi hiki chote, kuvua samaki usiku, kuogelea na kuchota maji peke yake huahirishwa kwa aina zote mbili, kwani ziwa halitofautishi.

Mwisho wa mashauriano kuna karatasi. Kadi ya mgonjwa iliyoandikwa "kifafa" miaka minne iliyopita isipofutwa na kuandikwa upya, muuguzi wa zamu katika kituo cha karibu na nyumbani atafuata kilichoandikwa, na vidonge vitarudi. Barua ya kurudi kwa mhudumu wa chini inahitaji kueleza sura ya matukio, kiwango cha uhakika wa utambuzi, ratiba ya kupunguza dawa, dalili zinazopaswa kumrudisha mgonjwa haraka, na namba ya kliniki ya kupigia simu. Iandikwe kwa Kiswahili, ili mama wa mgonjwa naye aweze kuisoma wakiwa ndani ya kivuko.